Rubondo: Kisiwa cha sokwe waliorudi kutoka Majuu

Stori za kuzamia tumezisikia wote. Kila mtaa una mshikaji aliyewahi kushinda bandarini akitafuta meli ya kujibanza ili aibukie Ulaya, akapige boksi, arudi na mshiko. Wengine walifika, wengine walirudishwa, na wengine mpaka leo hakuna anayejua waliko.

Leo, msomaji wangu, nakuletea stori ya wazamiaji wa kinyumenyume. Hawa walitolewa Ulaya na kuletwa Bongo, tena bila kuombwa viza. Hawakwenda kupiga boksi, waliingizwa ndani ya boksi, wakasafirishwa mpaka Ziwa Victoria, wakafunguliwa kwenye kisiwa chenye msitu mnene. Idadi yao walikuwa 17. Hawakuwa wanafunzi wala wanadiplomasia, walikuwa sokwe.

Kisiwa chenyewe ni Rubondo, kona ya kusini magharibi ya ziwa, mkoani Geita. Watu wa Mwanza wengi tunakisikia tu kwenye redio. Ukimwuliza kijana wa Kirumba au Igoma kuhusu Serengeti atakupa maelezo hadi umchoke. Mwulize Rubondo, atakwambia ni kwa wazungu kule. Mimi nikasema hapana, bora nikajionee.

Kufika huko siku hizi si kazi kama zamani. Mabasi ya Geita unayapandia stendi ya Nyegezi. Miaka ya nyuma mkifika Kigongo ilikuwa lazima msubiri kivuko ndipo mvuke kwenda Busisi, na kama una haraka, hiyo haraka yako unaikunja unaitia mfukoni. Tangu Juni 2025 kuna daraja la J.P. Magufuli, refu zaidi ya kilomita 3, na Ghuba ya Mwanza unaivuka hata karanga zako hujamaliza kumenya. Unapita Sengerema, unaingia Geita mji wa dhahabu. Kutoka hapo una njia mbili. Ama unakwenda Nkome, ama unasonga mbele hadi Muganza wilayani Chato, halafu unashuka Kasenda kwenye boti za hifadhi. Wenye nazo wanaruka na ndege ndogo mpaka kisiwani. Mimi na wewe tunapanda boti.

Ukiwa majini kuna kitu kitakushangaza. Mtu aliyezoea visiwa vya ziwa hili anajua vinavyofanana: vibanda vya mabati vimebanana, dagaa wameanikwa, muziki unapiga tangu asubuhi, watoto wanaogelea kando ya mitumbwi. Rubondo huoni kibanda. Unaona miti imeshuka mpaka kwenye maji, furukombe amekaa juu ya tawi kavu, na kimya. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 27 na eneo la nchi kavu kama kilomita za mraba 240. Kisiwa kikubwa kiasi hicho, katika ziwa lenye samaki, halafu hakuna mtu? Hapo ndipo stori inapoanzia.

Watu walikuwapo. Rubondo iliishi wavuvi na wakulima kama visiwa vingine. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ikaamua kisiwa kiwe cha wanyama. Wakazi wakahamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu, na mwaka 1965 Rubondo ikawa pori la akiba. Mwaka 1977 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Mtu aliyepigia debe sana mpango huo ni Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, yuleyule ambaye filamu yake ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Wazo lake lilikuwa rahisi: kisiwa ni zizi ambalo Mungu ameshalizungushia uzio wa maji. Mnyama aliye hatarini bara unamweka pale, jangili hamfikii.

Basi wakaanza kuletwa. Walikuja faru weusi 16, twiga, mbega weusi na weupe, swala wakubwa wanaoitwa korongo, na swala wadogo kabisa wanaoitwa suni. Tembo sita wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadhi ya wanyama walipitia kisiwa cha Saanane, hiki hapa jirani na Capri Point, ambako mwaka 1964 Serikali ilifungua bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Kwa hiyo siku nyingine ukiwa na mchumba wako Saanane mnapiga picha na swala, jua kwamba mmekanyaga stendi ya mabasi ya wanyama. Na hata jina la Saanane ni la mzee aliyekuwa akiishi pale kabla ya kuhamishwa kupisha bustani. Ziwa hili limejaa visiwa ambavyo watu waliambiwa wapishe.

Sasa sokwe. Wengi wao walikuwa wamekamatwa porini Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakauzwa Ulaya. Walikulia kwenye vizimba vya maonyesho na wengine kwenye sarakasi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 wakaletwa Rubondo kwa mafungu manne. Kundi la kwanza lilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Kumbuka, hawa ni watu wa mjini! Chakula waliletewa kwenye sahani, walilala ndani, na binadamu kwao alikuwa kama jirani wa nyumba ya kupanga. Rubondo wakafunguliwa masanduku bila darasa lolote la maisha ya porini.

Ungetegemea nini? Mimi ningesema watakufa njaa wiki ya kwanza. Wapi! Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameshajua majani gani yanaliwa, matunda gani yameiva, na jinsi ya kukunja matawi juu ya mti wakatengeneza kitanda cha kulalia. Wakaanza kuzaa. Leo wajukuu na vitukuu wao wamejaa msituni, wengi mara kadhaa kuliko wale 17, na hakuna hata mmoja anayejua Ulaya ikoje. Kuogelea hawajui, kwa hiyo hawaendi popote.

Lakini si wote waliofika salama kwenye stori hiyo. Madume mawili yalipigwa risasi baada ya kuwashambulia watu. Ukifikiri utaona haikuwa ajabu. Sokwe aliyezaliwa porini akikuona anakimbia. Huyu wa vizimbani hakuogopi, anakufuata mpaka mlangoni, na ana nguvu za kukushinda wewe na rafiki zako wawili. Kisiwa kilikuwa na watu wachache tu, askari wa wanyamapori na familia zao, na bado ikafikia bunduki. Je, kama kisiwa kingekuwa na vijiji?

Hilo swali ndilo lililonisumbua safari nzima, na ndilo nataka tulizungumze. Kumrudisha mnyama porini tunadhani kazi ni ya mnyama: ataweza kula, ataweza kuzaa, atastahimili mvua? Rubondo inaonyesha kwamba mnyama huwa anajua la kufanya haraka kuliko tunavyodhani. Anayehitaji kuandaliwa ni binadamu. Na Rubondo walilikwepa somo hilo, kwa sababu binadamu walimhamisha.

Angalia yaliyowapata wenzao. Korongo hawakufua dafu, wakaisha. Wale faru weusi 16, uzio wa maji haukuwasaidia kitu, majangili waliwamaliza. Maji yanamzuia sokwe, hayamzuii mwenye mtumbwi. Kama watu wa ng'ambo hawana sababu ya kumlinda mnyama, ziwa ni barabara tu.

Kama unasema hayo ni ya zamani, njoo karibu. Serengeti inakaribia kabisa kulowesha miguu kwenye ziwa letu. Geti la Ndabaka liko barabara ya Mwanza kwenda Musoma, pua na mdomo na Ghuba ya Speke. Mwaka 2010 Serengeti ilipokea faru weusi watano kutoka Afrika Kusini, na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akawapokea mwenyewe. Safari hii walikuwa wanarudishwa kwao, maana miaka ya nyuma faru walijaa Serengeti mpaka ujangili ulipowafyeka. Sherehe ilikuwa kubwa. Desemba mwaka uleule mmoja wao, aliyeitwa George, akauawa na majangili. Ulinzi ulikuwapo. Lakini askari hata awe na macho manne, hawezi kuona kama wanavyoona watu elfu wa vijijini wakiamua kuona.

Wamarekani nao yamewakuta, ila kwa upande wa dubu. Jimbo la Arkansas lilikuwa na dubu weusi wengi, wakawindwa mpaka karibu waishe. Kati ya mwaka 1958 na 1968, miaka ileile ambayo sisi tunapakua sokwe, wao walileta dubu kama 250 kutoka Minnesota na Kanada. Leo dubu wa Arkansas wanahesabika kwa maelfu. Na dubu ni mnyama wa jirani msumbufu: anapenda majalala, mizinga ya nyuki, chakula cha mbwa kilichosahauliwa barazani. Hakuna mji uliohamishwa kumpisha. Watu ndio wakafundishwa kufunga pipa la taka vizuri, kuzungushia mizinga uzio wa umeme, kutomtupia dubu mkate hata akijifanya mpole. Dubu aliyezoea kupewa chakula huishia kupigwa risasi kama yale madume ya Rubondo. Somo ni lilelile, tofauti ni kwamba wao walilisoma wakiwa majirani zake.

Na sisi watu wa ziwa hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi ukamwangalie sangara. Huyu si mwenyeji wa ziwa hili, aliingizwa miaka ya 1950 na 1960. Hakuna kijiji kilichoitwa mkutano kuulizwa. Ametupa viwanda, ajira na fedha za kigeni, sikatai. Lakini aliwamaliza furu wa aina nyingi sana, samaki wadogo ambao bibi zetu walikuwa wanawapika kila siku, wengine hawakuwa wakipatikana popote duniani isipokuwa humu. Minofu ikaenda Ulaya, na mwananchi wa kawaida akabaki na mapanki. Mnyama mmoja tu kuingizwa, na maisha ya pwani nzima yakageuka. Ndiyo maana nasema kuleta mnyama mahali ni kama kuoa: usipoongea na ukoo mapema, utaongea nao baadaye, na utaongea kwa taabu.

Huko ng'ambo ya Rubondo nilikutana na mzee mmoja anashona nyavu chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea ndoo nikae. Nikamwuliza kama amewahi kwenda kuwaona sokwe.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nawasikia tu watu wanasema. Wageni wanatoka mbali kuja kuwaona, sisi tunaona boti zao zinapita."

Nikamwuliza kama anawachukia wale wanyama. Akacheka. "Sokwe amenikosea nini? Mimi ananisumbua kiboko. Sokwe anakaa kwake."

Nilibaki nalo lile jibu. Kiboko na mamba hawajui bango la hifadhi. Wanazaliana salama upande ule, halafu usiku wanakuja upande huu, mmoja kwenye mahindi, mwingine pale akina mama wanapochota maji. Samaki nao vilevile: maji yanayoizunguka Rubondo ni sehemu ya hifadhi, kuvua ni marufuku, na ndimo sato na sangara wanamotagia na kukulia kwa amani. Faida yake inawafikia wavuvi wa nje, maana samaki hawakai ndani milele. Lakini kwa mtu ambaye leo nyavu yake imetoka tupu, kuelezwa kwamba ule upande uliokatazwa ndio unaomlisha ni hesabu ngumu. Inahitaji mtu wa kukaa naye chini ya mwembe na kumweleza, tena zaidi ya mara moja, na kumsikiliza anapojibu.

TANAPA wanao mpango wao wa ujirani mwema, na vijiji kadhaa vinavyopakana na hifadhi nchini vimepata madarasa na zahanati. Hilo ni jambo la kupongeza. Lakini darasa peke yake halimfanyi mtu aseme "sokwe wetu". Mtu husema "wetu" kwa kitu alichokiona kwa macho yake na anachokula naye sahani moja.

Haya, kisiwani nilionaje? Usije ukadhani utafika ukute sokwe wamepanga foleni. Tuliamka alfajiri, tukaingia msituni na muongozaji. Mwendo ni wa kuinama na kuruka mizizi, na mbu hawaulizi umetoka wapi. Tukaanza kuona dalili. Juu kwenye mti kulikuwa na kitanda cha matawi kilicholaliwa usiku ule. Chini, maganda yametapakaa. Muongozaji akaokota moja akanipa. Nikanusa, nikacheka peke yangu. Mabungo! Haya haya tunayoyanywa juisi, ya kuchachuka mpaka jicho linafumba. Sokwe wa Rubondo wanayapenda vibaya sana, na mbungo ukikwea miti humo kisiwani umejaa. Mtu katoka Ulaya hajui hata chungwa la kumenya, leo anachagua bungo lililoiva kuliko mama muuza juisi.

Kisha tukawasikia. Kelele moja ilianza chini kama mtu anavuta pumzi, ikapanda, wakajibiwa kutoka upande mwingine wa bonde, na msitu mzima ukawa kama uwanja wa Kirumba timu ya nyumbani imefunga. Nywele zilinisimama. Matawi yakatikisika, kitu cheusi kikapita, wakaondoka zao. Nilichoona ni mgongo tu. Sikusikitika hata kidogo.

Na hapa kuna kituko. Hawa wazee wao walikuja wakiwa wamezoea watu, wakajifunza kuwakimbia, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuwasogelea. Miaka ya karibuni waongozaji wamekuwa wakiwafuata kila siku, polepole, mpaka baadhi yao wakubali kutazamwa na wageni bila kukimbia. Yaani wanazoeshwa watu upya. Tofauti na zamani, sasa masharti ni kwa binadamu. Unakaa mbali. Unavaa barakoa. Hupewi ruhusa kama una mafua, kwa sababu mafua yako madogo yanaweza kumwua sokwe. Humlishi kitu. Hutupi ganda lako. Zamani mnyama ndiye aliwekwa kwenye kizimba ili mtu astarehe, sasa mtu ndiye anafundishwa adabu. Hayo ndiyo maandalizi ninayosema.

Mbali na sokwe kuna mengi. Nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu zimeumbwa kwa ajili ya kukanyaga tope, huyu ni mwenyeji wa asili. Kuna pongo, fisi maji, kenge, chatu, na tembo ambao wale sita wameshakuwa ukoo mkubwa. Simba hakuna, chui hakuna, kwa hiyo kutembea kwa miguu kunaruhusiwa ukiwa na muongozaji mwenye silaha. Jioni ziwa linatulia, jua linazama upande wa magharibi, na unakumbuka kwamba siku nzima hujasikia honi.

Sasa tuseme ukweli. Vijana wa Mwanza tunaweza kuchanga pesa ya sherehe ya siku moja, sare, ukumbi na mziki, lakini kuchanga watu wanane tukakodi usafiri kwenda Rubondo tunaona ni mambo ya wazungu. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni. Gharama kubwa ni boti, na boti ukigawana na wenzako inakuwa nyepesi. Kama mfuko bado haujakaa vizuri, anza na Saanane, ambayo tangu mwaka 2013 nayo ni hifadhi ya taifa. Ni mwendo wa boti wa dakika chache kutoka Capri Point.

Na wenye mamlaka, kama mnatusoma, mimi sina elimu kubwa ya wanyama. Nina ombi moja la mtoto wa mjini. Kila mwaka tengeni siku za kuwapeleka Rubondo watu wa Nkome, Muganza na visiwa vya jirani, wavuvi, akina mama wa dagaa, wanafunzi, na hasa wale ambao wazee wao waliondolewa pale. Wapelekeni kwa boti yenu, wasikie ile kelele ya alfajiri. Siku nyingine mkitaka kurudisha faru kisiwani, au mnyama yeyote mahali popote kandokando ya ziwa hili, mtakuwa na maelfu ya macho upande wenu kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa.

Sokwe wale 17 walitupwa msituni bila maelezo wakafaulu mtihani. Sisi huku ng'ambo bado hatujaitwa hata darasani. Tukiitwa, mimi nitakaa dawati la mbele, na yule mzee wa nyavu nitamwachia nafasi pembeni yangu. Wiki njema!